Vipande Kumi na Kimoja Ambavyo Sikuviulizia

Zaina mwanangu,

Nakuandikia saa tisa alasiri, kwenye meza ya jikoni, kwa kuwa hii ndiyo saa ambayo mkono wangu umezoea kuandika. Umeenda Kicukiro kuwaaga wenzako wa chuo na umesema utarudi kabla ya magharibi. Baba yako yuko sebuleni na masanduku yako mawili. Ameyapima mara tatu, kila mara anapata kilo tofauti, na anaamini mizani ndiyo yenye kosa. Mambo ya soksi, ya pasipoti kukaa mfuko wa ndani, ya kupiga simu ukifika, nimemwachia yeye. Anayaweza na anayafurahia. Usimkatize.

Mimi nina mambo mawili. La kwanza unalijua, ila hujawahi kulisikia kwa upande wangu. La pili hulijui kabisa, na kabla hujaondoka kesho nahitaji mkono wako katika hilo. Nitafika huko. Kwanza nianze na lile la taa.

Unakumbuka kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nawaambia watu mtoto wangu anasoma fizikia, wakiuliza fizikia gani nasema ya taa, na hapo maelezo yangu yanakwisha. Mwandishi wa habari mwenye miaka thelathini kazini, sijui mtoto wangu anafanya nini kutwa. Nilikuelewa siku moja tu, hapa hapa mezani, nilipokuwa nakata kitenge cha mapazia. Uliokota kipande, ukakivuta pembeni kwa kucha mpaka nyuzi zikatoka.

"Mama, ona. Katikati ya kitambaa kila uzi umeshikwa na mwenzake. Ukikata, hapa pembeni zinabaki nyuzi hazina wa kuzishika."

"Najua. Ndiyo zinazofumuka."

"Basi perovskaiti ni hivyo. Ni fuwele. Ndani, kila atomu imeshikwa pande zote. Juu kabisa, kwenye uso, ziko atomu zilizokosa mwenzake. Hizo ndizo kasoro. Naingiza umeme nataka mwanga, ule umeme unafika pale unanasa, unageuka joto, umepotea."

"Kwa hiyo unazifunga pembeni, unapiga ovaloki."

Ulicheka sana. "Eh, napiga ovaloki. Ila uzi wangu ni dawa, na nguo yangu ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana."

Ukanieleza jinsi unavyomwaga tone kwenye kipande cha kioo, kioo kinazungushwa kwa kasi mpaka tone linatandazika likawa tabaka, kisha unatandaza juu yake hiyo dawa ambayo chembe zake zinakwenda kukaa kwenye zile atomu zilizokosa wenzake na kuzishika. Zikishikwa, umeme haunasi. Usiponasa, unatoka kama mwanga. Nilielewa kila neno, na tangu siku ile nilijiona nakuelewa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Ilikuwa Alhamisi, masika ya mwaka jana. Ulirudi umelowa mabega, ukasimama hapo kwenye friji bila kuvua viatu.

"Mama, kipande cha tatu kimewaka."

"Kimewakaje?"

"Kijani. Nilidhani kuna mtu amewasha taa nyuma yangu. Hatujawahi kupata mwanga kama ule."

Ukala ugali na isombe, ukaenda kulala. Mimi nikachukua daftari.

Nina maswali mawili ambayo nimewafundisha vijana wote waliopita kwenye chumba chetu cha habari. La kwanza ni "Umejuaje?" La pili ni "Ikawaje baada ya hapo?" Waziri nimemuuliza, mganga wa kienyeji nimemuuliza, kocha wa mpira aliyekuwa analia nimemuuliza. Wewe sikukuuliza hata moja. Nilikuona usoni, nikaandika nilichokiona usoni.

Ijumaa jioni nikasoma hewani kwamba mwanafunzi wa hapa Kigali amepata njia ya kutibu kasoro za taa za kizazi kipya, zinazotoa mwanga mkali kwa gharama ndogo. Jina lako sikulitaja, nikajiona muungwana. Kana kwamba maabara za kazi hiyo ziko kumi hapa mjini. Na hiyo gharama ndogo hukuwahi kuitaja. Niliiweka mimi, kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia ghafla na sikio langu lilitaka kitu.

Jumatatu yule mfanyabiashara wa Kabeza akaja chuoni kwenu na pikipiki. Uliponisimulia baadaye ulimwigiza vizuri hata baba yako akatoka kuoga kuja kusikiliza.

"Taa za redio ziko wapi?"

"Taa gani, mzee?"

"Zile za kijani. Mimi nauza balbu, iko mutu ameniambia hapa ndiyo zinatengenezwa. Nataka katoni mbili za kuanzia. Na unipe bei ya kazi, usinipe bei ya muzungu."

Ukamwonyesha kipande cha tatu. Kioo cha ukubwa wa ukucha, katikati kimebadilika rangi kikawa kama chai iliyomwagika. Akakigeuza mara mbili.

"Hii ni kigae, binti."

"Ndiyo."

"Redio imesema taa."

"Redio imekosea, mzee."

Alikwambia pole, kisha akakuuliza kama unajua wapi panauzwa soketi za jumla. Hapo ndipo sote tulipocheka. Lakini siku yenyewe ya Jumatatu hakuna aliyecheka, kwa kuwa kabla ya huyo wa balbu alikuwa ameshakuita Dokta, msimamizi wako. Mwenzake wa chuo kingine alikuwa amempigia kumwomba vipimo vya hiyo taa, naye hakuwa na la kujibu. Akakuuliza mbele ya wenzako: "Vipande vilikuwa kumi na viwili. Redio imesikia kimoja. Vingine kumi na kimoja viko wapi?" Zilikuwa zimebaki wiki tatu maombi ya nafasi ya masomo Ujerumani kufungwa, na maombi hayo hayakuwa na maana bila barua yake. Akasema hatasaini barua ya mtu ambaye hajui atakwenda kumwambia nani nini.

Uliporudi nyumbani nilikuwa nimekaa hapa hapa. Hukupandisha sauti. Uliweka mkoba chini kwa uangalifu, kama wenye mayai ndani.

"Mama, kipande kile kilizima."

"Lini?"

"Hakikumaliza dakika nne. Nilipokuwa nakusimulia kilikuwa kimeshazima."

Ukaendelea: "Hukuniuliza. Na mimi sikusema. Nilitaka kibaki kinawaka mpaka asubuhi."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Nimehoji watu maelfu kwa miaka yangu yote na sijui ni wangapi wamenieleza ukweli wao kwa usafi huo, bila kujitetea na bila kunisukumia. Baadaye sana, siku Dokta aliponikaribisha chai, aliniambia ulichomjibu yeye. Hukusema mama yangu alikosea. Ulisema: "Mama yangu alitangaza nilichomwambia. Sikumwambia yote." Ungeweza kunitupa mimi kwenye jalala ukaokoa barua yako, na hata ningekuona una haki.

Sasa nikueleze upande ambao hukuuona. Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mhariri. Unamjua, kijana wa umri wa wajomba zako wadogo, ana heshima, ananiita Mama.

"Mama, usijitese," akaniambia. "Tunafuta kwenye tovuti, birarangiye, yamekwisha. Nani anakumbuka habari ya Ijumaa?"

Nami nikamwambia sawa. Nataka ulisome hilo kwa mwandiko wangu: nilimwambia sawa. Nilitoka pale nafsi imetulia, nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani nikakutangazia kwamba mambo yamekwisha. Ulikuwa unaosha vyombo. Hukugeuka.

"Yule mzee wa Kabeza anasoma tovuti?"

"Hasomi."

"Sasa atajuaje?"

Ukaendelea kusuuza sufuria. Mimi nikabaki na nyanya mkononi. Hukujua ulichokigusa, kwa sababu hulijui jambo la pili, ambalo nitalifikia sasa hivi. Ulidhani unauliza kuhusu muuza balbu.

Jumatano nilisoma masahihisho mwenyewe, saa ile ile ya habari, kwa sauti ile ile. Kwamba kipande kimoja kati ya kumi na viwili kiliwaka kwa muda usiofika dakika nne, kwamba vingine havikufanya hivyo, kwamba habari ya gharama haikuwa na msingi, na kwamba kosa ni la aliyeandika habari, ambaye ni mimi. Kijana wa mitambo aliniangalia kupitia kioo kama niliyetangaza kifo. Nikatoka nikanywa maji, na nikagundua kwamba hakuna kilichoanguka.

Wewe ulichukua daftari lako la maabara, lenye vipande vyote kumi na viwili, ukampelekea Dokta. Akakurudisha kwenye meza ya maabara. Kwa wiki tatu tulikuwa tunakuona alfajiri na jioni. Ukagundua kwamba ulizidisha dawa. Chembe zilizotakiwa kushika pembe zilirundikana juu ya tabaka zikauzuia umeme wenyewe kupita, kama fundi aliyepiga ovaloki kwa bidii mpaka akashona na mdomo wa mfuko. Kipande cha tatu kilibahatika: dawa ilikaa nyembamba mahali pamoja, pakawaka kwa nguvu, pakaungua. Ukapunguza. Ukapunguza tena. Ukabadilisha namna ya kuitandaza.

Siku moja saa saba mchana simu yangu ikalia nikiwa kwenye mkutano na waandishi. Nikatoka nje.

"Mama, niliacha kinawaka nikaenda kula. Nimerudi, bado kinawaka."

"Na vingine?"

Ukacheka. "Vyote kumi na viwili vinawaka, Mama. Hakuna kinachofikia mwanga wa kile cha tatu. Lakini vyote vinafanana."

"Kesho je?"

"Kesho sijui. Kesho nitakwambia."

Sijawahi kupewa jibu zuri zaidi ya hilo na mtu yeyote niliyemhoji. Dokta alisaini siku ya mwisho, saa kumi jioni. Katika barua yake, kwa jinsi ulivyonisomea, aliandika kwamba wewe ni mwanafunzi anayeleta na vile vilivyoshindwa bila kuombwa. Ndilo lililokupa nafasi unayoifuata kesho, au mimi naamini hivyo. Sina uthibitisho, kwa hiyo nakwambia kama imani.

Sasa la pili.

Ulipokuwa na miaka minne, karakana za bondeni Kimisagara ziliungua mchana mmoja. Mafundi cherehani, maseremala, stoo ya magodoro, vyote kwenye safu moja ya mabati. Hakufa mtu. Nilifika moshi bado unafuka, nikiwa na dakika chache kabla ya habari ya saa saba. Nikamkuta mtu amesimama na kundi la watu, nikamuuliza moto ulianzia wapi. Akasema: "Kwa Sefu, fundi. Aliacha pasi inawaka." Nilimuuliza mara moja na jibu likanitosha. Sikumuuliza alijuaje. Nikakimbilia simu, nikasema hewani kwamba moto ulisababishwa na pasi iliyoachwa na fundi mmoja aitwaye Sefu.

Siku ya tatu ofisa wa zimamoto akaniambia, bila mimi kumuuliza, tukiwa tunasubiri mkutano mwingine kabisa, kwamba walikuta chanzo ni waya wa umeme wa ile stoo ya magodoro. Kwa Sefu moto ulifika mwishoni. Nikampelekea habari hiyo mhariri wa wakati ule. Akaniambia habari imekwisha, tusiichokoe. Nikakubali. Sikulazimishwa. Nilifarijika.

Sefu huyo unamjua, Zaina. Ni Mzee Sefu aliyekushonea sketi za bluu za shule ya msingi miaka yote sita. Ulidhani nakupeleka kwake kwa sababu anashona vizuri. Anashona vizuri, lakini mafundi wazuri walikuwa hapa karibu, na mimi nilikuwa nakuvusha mji mzima kila Januari na kumlipa kabla hajakata kitambaa. Niliwahi kujiambia kwamba nalipa. Miaka ikapita nikaacha hata kujiambia. Ikawa tu desturi ya nyumbani, kwamba nguo zetu zinakwenda kwa Sefu.

Hata baada ya masahihisho ya taa yako, hata baada ya swali lako la kwenye sinki, ilinichukua mwaka mzima. Nilikuwa nikijiambia kwamba la Sefu ni la zamani. Kilichonikatisha ni lile koti la caguwa, la mtumba, ulilolinunua kwa ajili ya baridi ya huko, la mtu mwenye mabega mara mbili ya yako. Ulimpelekea alipunguze, na jana ukaniomba nikuchukulie. Leo asubuhi nikaenda.

Alikuwa anamalizia kufumua uzi wa begani kwa wembe.

"Fundi, nina neno."

"Kama ni bei, Mama Zaina, tulishaelewana na mtoto."

"Si bei. Ni ule moto."

Wembe ukaendelea. "Moto gani?"

"Unaujua."

Akavua miwani, akaiweka juu ya cherehani. "Mimi sauti yako naijua tangu siku ile," akasema. "Nilikuwa nimesimama barabarani, nimekumbatia cherehani moja, ndiyo niliyoitoa. Redio ya dukani ikasema pasi ya Sefu. Halafu baada ya miaka unakuja na mtoto kupima sketi, unanisalimu muraho tu, mimi nikasema, huyu ndiye."

"Ulijua miaka yote hiyo?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Umeleta kazi. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Unalipa mbele. Nani hapa Kigali analipa fundi mbele? Nikasema basi, huyu mama ameniomba radhi kwa njia yake. Mimi nikapokea."

"Kwa hiyo ulinisamehe."

"Mimi, ndiyo." Akachukua koti, akalikung'uta. "Lakini watu wa hapa hawakusikia sketi. Walisikia redio."

Ni yale maneno yako ya kwenye sinki, yametoka kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya sinki. Akanionyesha kwa kidole juu ya kilima. "Iko mzee mmoja pale juu, ana duka la unga. Kila akipita ananiambia, Sefu, umezima pasi? Anacheka. Na mimi nacheka. Miaka ishirini nacheka na yeye. Wateja wapya wanauliza pasi gani, anawaeleza."

"Nitalisema redioni," nikamwambia. "Ijumaa, baada ya habari ya jioni."

Hakunishukuru, na afadhali hakunishukuru. Alifikiri kidogo. "Taja mtaa. Taja cherehani tatu zilizoungua, watu walisema mbili. Na useme pasi ilikuwa baridi. Hiyo usisahau. Niliishika mwenyewe kabla ya kutoka kwenda kusali, na moto niliukuta nimerudi."

Kisha akanipa koti lako, akanihesabia na vifungo viwili vya akiba ameviweka kwenye mfuko wa kushoto.

Mhariri wetu nimempigia njiani. Akasema: "Mama, habari ya miaka ishirini? Nani bado anaikumbuka?" Nikamwambia yuko mzee wa duka la unga anaitangaza kila siku bila mshahara. Akasema nimtumie maandishi.

Zaina, sikuandikii haya ili unione mwema. Mwema angelisema siku ya tatu. Nakuandikia kwa sababu huko unakokwenda utapata tena kipande cha tatu, nina hakika na hilo kuliko nilivyo na hakika ya hali ya hewa. Kitawaka mbele yako usiku wa mwaka wako wa pili, pesa za utafiti zinakaribia kwisha, wenzako wamekuzunguka, na utatamani kibaki kinawaka mpaka asubuhi. Sina la kukufundisha hapo. Ulishafika pale ukiwa na miaka ishirini na minne, ukapita, na mimi nikapita nyuma yako nimeshika nguo yako. Nataka tu ujue kwamba gharama ya kutosema haipungui kwa kukaa. Niliilipa kwa sketi sita na haikupungua hata senti, kwa sababu nilikuwa nampelekea mtu mmoja wakati nilikuwa nimewaambia watu wote.

Na nataka nikushukuru. Wazazi wengi hapa huandika barua kama hii ili kumkumbusha mtoto walichomfanyia. Mimi nimekaa tangu saa tisa najaribu kuandika ulichonifanyia na naona ni kifupi ukikitazama: uliosha sufuria ukauliza swali. Lakini bila swali hilo ningestaafu mwakani na tuzo ya sahani ya shaba ukutani, watu wakinisifu kwa umakini, na Mzee Sefu angekuwa bado anacheka na yule mzee wa unga. Nakushukuru kwa kutonionea haya. Nakushukuru pia kwa kumjibu Dokta vile, na kwa kunipigia simu saa saba mchana kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, ingawa mara ya mwisho uliponiambia habari njema nilikuharibia. Uliniamini tena na chakula cha mchana bado hakijashuka. Mimi nisingeweza.

Hapa chini nimenakili nitakachosoma Ijumaa. Wewe utakuwa umeshafika.

"Miaka ishirini na moja iliyopita nilitangaza katika redio hii kwamba moto ulioteketeza karakana za Kimisagara ulianzia kwa fundi Sefu, kwenye pasi aliyoiacha ikiwaka. Haikuwa kweli. Siku tatu baadaye nilielezwa na ofisa wa zimamoto kwamba moto ulianzia kwenye waya wa umeme wa stoo ya jirani. Nilijua, na sikusema. Fundi Sefu alipoteza cherehani tatu katika moto ambao hakuuwasha. Anasema pasi yake ilikuwa baridi. Kosa ni langu. Naitwa Mariamu, na ni mimi niliyesoma habari ile."

Sentensi moja inanisumbua, na ndiyo hiyo niliyosema naihitajia mkono wako. "Anasema pasi yake ilikuwa baridi." Kwa kanuni za kazi yangu lazima niandike anasema, kwa sababu pasi hiyo sikuishika mimi. Lakini namjua yule mzee wa duka la unga. Atalidaka hilo neno anasema, na kesho yake atapita pale na kicheko kile kile. Nikiliondoa, nitakuwa natangaza tena kitu nilichoambiwa na mtu mmoja, kama siku ile. Nikiiacha pasi kabisa, nitakuwa nimesahau kile kimoja alichoniomba nisisahau.

Nimejaribu mara nne na sijapata. Wewe unajua kuandika kwenye ukurasa mmoja unachokijua na usichokijua bila kimoja kumla mwenzake. Nimekuona ukifanya hivyo kwenye daftari lako.

Nimeacha nafasi ya mistari mitatu chini hapa. Kalamu iko kwenye kikombe karibu na redio, na koti lako liko nyuma ya mlango. Ukirudi kutoka Kicukiro, kabla baba yako hajakuita upime sanduku kwa mara ya nne, kaa hapa unisahihishe.

Mama yako,
Mariamu